Kiti Kikifufuliwa, Kinarudi Kipi?

Kiti cha mbele cha Mercedes ya zamani kikikwama, kinamtega fundi. Kimefungwa sakafuni kwa boliti zilizofichwa na reli zake chenyewe: za nyuma huonekana kiti kikisogezwa mbele kabisa, za mbele huonekana kikirudishwa nyuma. Kikigoma katikati, hakitoki ili kitengenezwe, na hakitengenezeki mpaka kitoke. Fundi mzoefu hapotezi muda kubishana nacho. Hulala ubavu, huingiza mkono chini ya kiti, huchomoa soketi ya mota, kisha huleta nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri na kuzigusisha. Mota ikiwa na uhai hata kidogo, kiti hujikongoja sentimita chache. Akizibadilisha nyaya, chanya ikae pa hasi, kinarudi kilikotoka. Zinafunguliwa boliti za upande mmoja, kisha za upande wa pili, na kiti kizima, kizito kuliko kinavyoonekana, kinatolewa mlangoni na kupinduliwa juu ya gunia.

Haut-Katanga, mkoa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unayajua vizuri magari ya namna hiyo. Mercedes-Benz ilitengeneza muundo wake wa W126 kuanzia 1979 hadi 1991, na ya milango minne peke yake yalitoka zaidi ya 800,000. Mlangoni yalikuwa na swichi iliyochongwa kwa umbo la kiti chenyewe: ukisukuma kipande cha mgongo, mgongo unalala, ukiinua kipande cha kukalia, kiti kinapanda. Hizo ndizo zilizokuwa siku za neema za Gécamines, kampuni ya dola iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, na Mercedes lilikuwa gari la mtu mkubwa, anayefunguliwa mlango. Kisha neema ikaisha. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ukafuata 1991, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walilipwa fedha za kuondokea na kurudi nyumbani. Gari la mkubwa likateremka ngazi kwa ngazi hadi kwa mtu anayehesabu lita za petroli. Huko chini linaishi kwa ile sheria ambayo kila Mkongomani anaijua ingawa haimo katika katiba yoyote inayotumika, Kifungu cha 15: jitafutie njia.

Swali linaloletwa na kiti kilichopinduliwa juu ya gunia ni la kale kuliko magari yote. Kitu kilichokufa kikitengenezwa kikasogea tena, kilichorudi ni kile kile, au ni kingine kilichokaa mahali pake? Wanafalsafa wamelijadili kwa miaka elfu mbili, na watu wa dini kwa hofu kubwa zaidi, maana kwao jibu linagusa ufufuo wa wafu. Ila ni vyema kwanza kukiangalia kiti kwa karibu, kwa sababu maelezo ya chuma yanasaidia fikra kuliko watu wengi wanavyodhani.

Chini ya kiti kuna mota ndogo za volti 12. Mota haisukumi reli yenyewe. Inazungusha kipande kifupi cha chuma kilichochongwa kama skrubu, nacho kinasukuma meno ya gurudumu dogo, na kutoka hapo mzunguko unasafirishwa kwa kebo zinazopinda, moja ikielekea reli ya kushoto na nyingine ya kulia. Ugonjwa wa kawaida uko kwenye ncha za kebo hizo. Ncha ni za pembe nne. Zikilika zikawa za mviringo, kebo inazunguka bure ndani ya tundu lake. Hapo upande mmoja wa kiti unakwenda na wa pili unabaki, kiti kinajipinda kama mtu aliyeteguka nyonga, na mota inalia bila kazi. Ugonjwa mwingine ni grisi. Iliyopakwa kiwandani miaka arobaini iliyopita imeganda, na gari likitoka Lubumbashi kwenda Kilwa, mji wa bandari kwenye Ziwa Moero, kama kilomita 350 kwa njia ya Kasomeno, vumbi jekundu la Katanga linajichanganya na grisi hiyo kwenye reli na kuwa udongo mgumu unaobidi ukwanguliwe kwa bisibisi.

Matibabu yanajulikana. Grisi ya zamani inaoshwa kwa petroli au mafuta ya taa. Mota inafunguliwa, yale makaa mawili yanayopeleka umeme kwenye shaba inayozunguka yanapimwa kwa jicho; yakiwa yamebaki mafupi mno yanawekwa mengine, hata kama yalitengenezwa kwa ajili ya mashine nyingine na inabidi yasuguliwe kwa msasa mpaka yaingie. Shaba nayo inasuguliwa mpaka ing'ae. Kebo iliyolika ncha inabadilishwa. Gia iliyokatika meno inabadilishwa.

Inabadilishwa kwa ipi? Hapo ndipo Katanga inapoipa falsafa changamoto yake. Gia mpya kutoka Ujerumani inaweza kuzidi mapato ya mwezi ya mwenye gari. Fundi anakwenda kwenye gari lililokufa, anakitoa kiti, anachukua gia. Na ile mota iliyotolewa hapa, ambayo gia yake imekwisha lakini waya zake ni nzima, haitupwi. Itaingia pale, kwenye gari la tatu.

Mwandishi Mgiriki Plutarch alisimulia kwamba Waathene walihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, na kwamba wanafalsafa wa zamani walibishana kama ilibaki merikebu ile ile. Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu alichochapisha mwaka 1655, aliongeza shida: tuseme mtu aliziokota mbao zote zilizotolewa, akaziunga kwa mpangilio ule ule, sasa kuna merikebu mbili, na ipi ni ya Theseus? Katika vyumba vya mihadhara mfano huo hutolewa kama jambo la kubuni, la kunoa akili. Katika uwanja wa gereji ni shughuli za kila siku. Mwokota mbao wa Hobbes ana jina na simu, na anauza spea.

Dini zilikutana na fumbo hilo mahali pa kutisha zaidi. Agostino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliulizwa na wapinzani wa imani juu ya mtu aliyeliwa na mtu mwingine wakati wa njaa: nyama iliyokuwa ya wa kwanza imekuwa ya wa pili, basi siku ya ufufuo itarudi kwa nani? Ndiyo gia ya kiti, ikidaiwa na magari mawili. Agostino alijibu kwamba itarudi kwa yule ambaye ilikuwa yake kwanza, kwani wa pili aliiazima tu, na Mungu atamfidia kwa njia nyingine. Mahali pengine alitoa mfano wa sanamu iliyoyeyushwa kisha ikafinyangwa upya kwa madini yale yale: haijalishi chembe iliyokuwa mkononi ikiangukia mguuni, mradi fundi hakupoteza kitu.

Miaka zaidi ya mia sita baadaye Imamu al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa alichokimaliza mwaka 1095, alilikuta pingamizi lile lile: mtu amla mtu, na ardhi iliyokuwa maiti huwa mmea, mmea huwa chakula, chakula huwa nyama ya mwingine. Jibu lake lilichukua njia nyingine. Mtu ni mtu kwa nafsi yake, alisema, wala si kwa mada ya mwili wake. Mwili wenyewe hubadilika tangu utoto hadi uzee, unakonda na kunenepa, na bado ni mtu yule yule. Basi nafsi ikirudishiwa mwili, uwe wa mada ya kwanza au nyingine, aliyefufuka ni yeye.

Majibu hayo mawili yanasikika hadi leo kila mahali pafanyiwapo ukarabati. Anayetafuta skrubu ya asili ni mwanafunzi wa Agostino bila kujua: anataka chembe zirudi kwa mwenyewe. Anayesema "kiti kinasogea, unataka nini tena?" yuko karibu na al-Ghazali. Lakini kiti hakina nafsi, na hapo hoja ya Imamu haiwezi kuazimwa kirahisi. Kinachokifanya kiti kuwa kile kile ni nini, kama si mada na kama hakuna nafsi?

Jibu moja lilichapishwa Lubumbashi yenyewe, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mwaka 1945 shirika la Lovania lilitoa kwa Kifaransa kitabu cha padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, kuhusu falsafa ya Kibantu. Tempels alikuwa ameishi na Waluba wa Katanga tangu miaka ya 1930. Alidai kwamba kwao kuwepo ni kuwa nguvu: kila kilichopo ni nguvu inayoweza kuongezeka au kupungua, na hakuna nguvu inayosimama peke yake, zote zinagusana, na vitu vya chini viko mikononi mwa watu, walio hai na waliotangulia. Ukikubali maelezo hayo, fumbo la merikebu linalegea. Kiti kilichokwama ni nguvu iliyopungua. Mkono wa fundi umeiongeza. Hakuna haja ya kuhesabu skrubu ngapi ni za zamani, kwa sababu utambulisho wa kiti umo katika uhusiano wake na waliokitengeneza, waliokikalia na waliokirithishana.

Ni jibu lenye mvuto. Lina kasoro pia, na wasomi wa Kiafrika waliionyesha bila kuficha. Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni alimshutumu Tempels mwaka 1968 kwa kumjenga Mbantu wa kufikirika, na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi, aliweka kitabu hicho mahali pake ndani ya kile alichokiita maktaba ya ukoloni, yaani maandishi ya wakoloni juu ya Afrika. Kabla yao, mwaka 1950, mshairi wa Martinique Aimé Césaire alikuwa ameuliza kwa ukali: ni heshima gani hii, ya kuistahi falsafa ya mtu huku mtu mwenyewe ananyonywa? Swali la Césaire lina uzito wa pekee Lubumbashi. Mnamo Desemba 1941, miaka minne tu kabla ya kitabu kutoka, askari walikuwa wamewafyatulia risasi wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliogoma na kukusanyika kwenye uwanja wa mpira wa mji huo huo. Nguvu zilizopungua siku ile hakuna fundi aliyeziongeza.

Hata hivyo Tempels hakuwa amebuni kila kitu, na Waluba wenyewe wana ushahidi mzito juu ya viti. Wafalme wao walichongewa viti vya mti vinavyobebwa kichwani na mikononi na umbo la mwanamke. Viti hivyo havikuwa vya kukaliwa kila siku. Vilifungwa kitambaa cheupe, vikahifadhiwa mbali na macho ya watu, mara nyingi katika kijiji kingine. Mfalme akifa, makazi yake yaligeuka kitenta, kiti cha roho yake, na mwanamke aitwaye mwadi alikaa hapo akiubeba uwepo wa marehemu mbele ya watu. Enzi haikumtoka mfalme ikapotea. Ilipewa mahali pa kukaa na mtu wa kuitunza. Leo vingi vya viti hivyo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, vikiwa na mti wake wote wa asili, bila ufa mpya, na bila mwadi. Kwa kipimo cha skrubu vimehifadhika kikamilifu. Kwa kipimo cha Waluba vimekatwa na kile kilichovifanya kuwa viti.

Basi kuna namna mbili za kupoteza kitu. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yametunza magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere, pamoja na Austin ya siku za kudai uhuru, na hakuna anayetegemea kuyaona barabarani. Mada imechaguliwa, mwendo ukaachwa. Gereji inachagua kinyume: mwendo kwanza, mada itajijua. Mwandishi wa makala haya anaelemea upande wa gereji, kwa sababu kiti kiliundwa ili mwili wa mtu upumzike, na kuna utii fulani kwa kitu katika kukiwezesha kufanya kilichoundwa kukifanya. Lakini gereji ina jaribu lake, na jaribu hilo ni kufuta.

Ngozi mpya inapowekwa, mota inapolia kwa sauti ya kiwandani, kiti kinaonekana hakijawahi kukaliwa na mtu. Hilo ndilo wengi wanalolilipia. Fikiria Mercedes 600, gari lililotengenezwa kuanzia miaka ya 1960 hadi 1981, ambalo viti na vioo vyake vilisukumwa kwa mafuta yenye mgandamizo mkubwa, bila kelele hata kidogo. Mobutu alikuwa miongoni mwa watawala walioyamiliki. Mfumo wa mafuta ule unaweza kurudishwa sawasawa na siku ya kwanza, kila mpira wa kuzuia uvujaji ukabadilishwa. Mnunuzi wa leo akiketi nyuma, mgongo wake utasogezwa kwa ulaini ule ule uliousogeza mgongo wa mtu aliyeifilisi nchi. Mashine imerudi kamili, na haisemi lolote.

Kilwa inajua maana ya magari yasiyosema. Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia katika mji huo, na siku iliyofuata jeshi la serikali likaurudisha mikononi mwake. Uchunguzi wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo ulieleza kwamba zaidi ya watu 70 walipoteza maisha, baadhi yao wakiuawa bila kesi wala hukumu, na kwamba jeshi lilitumia magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa ikichimba shaba na fedha Dikulushi, kilomita kama 50 kutoka mjini. Kampuni ilisema magari yalichukuliwa kwa amri ya wenye mamlaka. Kesi ilikwenda mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi, na Juni 2007 wafanyakazi watatu wa kampuni walioshtakiwa waliachiwa huru. Mwaka 2017 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali ya Kongo iwalipe waathirika na familia zao dola milioni 2.5, iombe radhi, ifukue miili iliyozikwa ovyo na kuizika kwa heshima, iweke ukumbusho.

Uamuzi huo unastahili kusomwa na yeyote anayefikiri juu ya kurejesha. Kila kipengele chake kinajua mpaka wake. Hakuna kinachoahidi kwamba waliokufa watarudi. Fedha ni fidia, kaburi ni heshima, radhi ni kukiri. Agostino na al-Ghazali, pamoja na tofauti zao zote, waliliweka jambo la mtu kurudi mikononi mwa Mungu peke yake, na hawakumwachia fundi wala hakimu. Mtu hana spea. Kosa la Tempels, kwa namna Césaire alivyolisikia, lilikuwa kuzungumza juu ya nguvu za uhai kwa lugha laini mno, kana kwamba nguvu iliyopotea uwanjani mwaka 1941 ni ya aina moja na nguvu inayopungua na kuongezeka kwenye kitu. Siyo ya aina moja. Kiti kilichokufa ni kiti kinachosubiri. Mtu aliyeuawa hasubiri gereji, na wanaobaki wanachodai ni ukweli juu ya nani alikuwa wapi, katika gari lipi, kwa amri ya nani.

Wachoraji wa Lubumbashi walilielewa hilo mapema. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja, mauaji ya 1941 yakiwemo, na picha za aina hiyo watu wa mji waliziita ukumbusho na kuzitundika sebuleni. Hazikurudisha kitu. Zilikataa kiti kionekane hakijawahi kukaliwa.

Mafundi wanaweza kujifunza hapo, na wenye magari zaidi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 Mkataba wa Torino, unaotaka kuhifadhi kutangulie kutengeneza upya, na kila kipande kilichobadilishwa kiwekewe alama na kuandikwa. Kwa gereji ya Katanga masharti hayo huenda yakasikika kama anasa ya matajiri. Ukweli ni kwamba yanagharimu kalamu na karatasi. Gia ya reli ya kulia ilitoka kwenye gari la aina fulani, la rangi fulani, lililokufa mahali fulani; makaa ya mota yamebadilishwa, si ya asili; kebo ya kushoto ndiyo ya kwanza; vumbi lililotolewa kwenye reli ni la njia ya Kilwa; mwenye gari wa kwanza alikuwa mkuu wa idara, wa pili mfanyabiashara wa samaki. Orodha hiyo ingekunjwa, ikawekwa pamoja na kadi ya gari, na kukabidhiwa kila mnunuzi anayefuata kabla hajapewa ufunguo.